Shajara ya mradi: kuwafunza wanasihi wa soba hausi Unguja, Januari hadi Juni 2025

Januari, baada ya sikukuu ya Mapinduzi

Mradi umeanza. Washiriki ni 24. Wengi ni wanasihi wa soba hausi (nyumba wanamokaa watu wanaoacha dawa za kulevya) za Mjini na Magharibi, na wachache ni wauguzi na maofisa ustawi wa jamii kutoka vituo vya afya vinavyopokea rufaa zao. Zaidi ya nusu yao wenyewe walikuwa wakila unga, yaani heroini, wakapata nafuu humo humo soba, na leo wanawashika mkono wengine.

Nyumba hizi zilianza Unguja mwaka 2009. Hazikuanzishwa na madaktari wala na ofisi yoyote. Zilianzishwa na watu waliotoka kwenye unga wakaona wenzao wanafia vibarazani, wakakodi nyumba, wakafuata mfumo wa hatua 12, ambao waliopona huwalea wanaoacha, na kuanza kupokea watu. Kila niingiapo humo nakuta jambo lisilofundishika ukumbini: mgeni analetwa usiku wa manane akitapika na kutetemeka, na anayempokea anaijua arosto, mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea, kwa mwili wake mwenyewe. Huo ndio mtaji wetu. Mradi wowote utakaofika hapa na kuwaambia watu hawa kwamba hawajui kitu utakufa siku ya kwanza.

Hata hivyo, yako mambo ambayo uzoefu wa mtu mmoja hauwezi kumwonyesha. Aliyeacha heroini si lazima ajue kwamba mnywaji wa pombe anaweza kufa akiachishwa ghafla. Aliyeacha kwa kukemewa huamini kila mtu huacha kwa kukemewa. Mradi huu umeandikwa kwa ajili ya pengo hilo.

Tumechukua mtaala wa matibabu ulioandaliwa chini ya Mpango wa Colombo, umoja wa nchi wenye makao yake Sri Lanka, ambao kitengo chake cha dawa za kulevya kipo tangu mwaka 1973. Sehemu ya msingi ina kozi 8: namna dawa zinavyofanya kazi mwilini, mtiririko wa matibabu, magonjwa mengine yanayoambatana na uraibu, stadi za unasihi, tathmini na mpango wa matibabu, ufuatiliaji wa mteja, kukabiliana na dharura, na maadili ya kazi. Kwa miezi sita hatuwezi kuzipita zote kwa kina. Tumechagua nne na kuamua kwamba kila siku ya ukumbini itafuatwa na wiki za kazi, kila mtu kwenye nyumba yake, huku msimamizi akimtembelea. Nitaeleza mbele kwa nini nilisimama kidete juu ya jambo hili la pili kuliko jambo jengine lolote kwenye bajeti.

Mwisho wa Januari

Tarehe 20 Januari serikali mpya ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Sisi hatulipwi na fedha hizo, lakini baadhi ya watu wetu wa rufaa wanalipwa nazo. Waelimishaji rika waliokuwa wakipita maskani kwa maskani, vijiwe vya wanaokula unga, kugawa elimu na kuwaleta watu kliniki hawajui kama wataitwa tena. Tumepoteza washiriki wawili waliokuwa wameshajiandikisha, kwa sababu ajira zao zimesimama. Tumewaambia nafasi zao zipo, waje hata bila barua ya mwajiri. Mmoja amerudi.

Februari: dawa na mwili

Kozi ya kwanza ndiyo niliyoiogopa, kwa sababu kitabu chake kimejaa majina ya kemikali za ubongo. Mwezeshaji wetu, daktari wa akili, aliyaweka kando majina hayo asubuhi nzima. Alianza kwa kuwauliza washiriki: kati ya mtu anayeacha unga na mtu anayeacha pombe, nani anaweza kufa mikononi mwenu kwa sababu ya kuacha kwenyewe? Karibu ukumbi wote ulisema ni wa unga, kwa kuwa mateso yake wameyaona kwa macho.

Jibu ni kinyume. Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hufika kileleni ndani ya siku mbili tatu, na baada ya wiki moja hivi huwa imetulia. Ni mateso makubwa, lakini kwa mtu mzima mwenye afya, anayepewa maji na kuangaliwa, si kawaida kuua. Pombe ni habari nyengine. Aliyekuwa akinywa sana kila siku akisimamishwa ghafla anaweza kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya pili hadi ya nne anaweza kuanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, joto likapanda na moyo ukaenda mbio. Hali hiyo inaua. Tiba yake ipo, nayo ni ya hospitali: diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kipimo, maji, na vitamini B1 kabla ya kumtundikia dripu ya sukari.

Ukumbi ulinyamaza kwa muda. Kaka mmoja, mnasihi wa miaka mingi, akasema: "Mwalimu, sisi tuna chumba cha watu wapya. Mlevi na mla unga tunawaweka pamoja, na tunawapa uji." Hakuna aliyemlaumu. Mchana huo huo tuliandika kanuni ya mapokezi: kila mgeni aulizwe kuhusu pombe kwanza, hata kama ameletwa kwa sababu ya unga. Anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini, na je, amewahi kuanguka alipoacha? Akijibu ndiyo kwa swali la mwisho, hapokelewi soba kabla hajapita hospitali. Kanuni hiyo imebandikwa sasa kwenye milango ya ofisi za nyumba nne. Kama mradi ungekwisha siku ile, ningesema fedha zake zimeshatumika vizuri.

Siku ya pili tulikaa juu ya kifo chengine, kile ambacho kila mtu ukumbini ana jina la kukitajia. Mtu anakaa soba miezi kadhaa, ananenepa, anasali, wazee wake wanafurahi. Anatoka. Wiki ya kwanza anakutana na rafiki, anachukua kete zile zile alizokuwa akizichukua zamani, na anakutwa amekufa chooni. Watu mtaani husema aliuziwa unga mbaya, au mtu alimfanyia. Ukweli ni kwamba mwili uliokuwa umezoea kiwango kile haukizoei tena. Kadiri alivyokaa klini, bila ya kutumia, ndivyo dozi ya zamani ilivyogeuka kuwa ya kumuua. Kituo cha kupumua ndani ya ubongo kinalala, pumzi inapungua, midomo inabadilika rangi.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye daftari la mradi: kumuaga mtu soba bila kumweleza habari hii ni kumwacha njia panda. Wanasihi wengi walikuwa wakiikwepa makusudi. Hofu yao inaeleweka: ukimwambia mtu "ukirudi, usirudie kiasi cha zamani", si umempa ruhusa ya kurudi? Tulijadili kwa muda mrefu. Muuguzi mmoja wa kituo cha afya alilimaliza kwa kusema kwamba yeye humwambia mgonjwa wa kisukari dalili za sukari kushuka, na hajawahi kuambiwa anamruhusu ashukwe na sukari. Kuanzia sasa, kikao cha kuagwa kina sehemu mbili: mazungumzo na mteja mwenyewe, na mazungumzo na mtu mmoja wa nyumbani anayeaminika, ambaye anaonyeshwa namna ya kumlaza ubavu mtu asiyeamka, kumpulizia pumzi na kumkimbiza hospitali. Naloksoni, dawa inayoizuia heroini isiendelee kuilemea pumzi, tumeifundisha pamoja na tahadhari yake: nguvu yake hudumu kwa dakika 30 hadi 90 tu, na kama alichokunywa mtu ni methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya heroini, naloksoni itaisha kabla ya methadoni haijaisha. Aliyezinduka asiachwe kwenda kulala peke yake.

Februari, wiki ya mwisho: kusikiliza

Hapa ndipo mradi ulipo hasa.

Wanasihi wetu ni wasemaji wazuri. Wana mifano, wana aya, wana hadithi ya maisha yao wenyewe, na wanaisimulia kwa nguvu. Mteja anakaa kwenye kiti cha plastiki, anainamisha kichwa na kuitikia "kweli, kaka". Baada ya saa moja mnasihi amechoka, mteja amesikia, na hatujui jambo lolote jipya kumhusu mteja huyo. Tuliigiza kikao cha namna hiyo:

"Una mke na watoto wawili. Huoni aibu?"

"Naona."

"Sasa kwa nini huachi?"

Kimya.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliandika kuhusu njia nyengine ya kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe, na baadaye akaikuza pamoja na Stephen Rollnick. Kiini chake ni kwamba mtu mwenye uraibu karibu kila mara anataka mambo mawili kwa wakati mmoja: kuacha na kutoacha. Mnasihi akisimama upande wa kuacha na kuusukuma, mteja hubaki na upande mmoja tu wa kuutetea, nao ni ule wa kutoacha. Atajisikia akiutetea kwa sauti yake mwenyewe, na ataamini alichokisema. Kazi ya mnasihi ni kupanga mazungumzo ili sababu za kuacha zitoke kinywani mwa mteja.

Stadi zenyewe ni chache: maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kutambua kwa dhati jema alilolifanya mtu, kumrudishia kauli yake ili ajisikie, na kukusanya yaliyosemwa. Ngumu kuliko zote ni ya kurudisha kauli. Hii ni sehemu ya igizo dhima la siku ya tatu, kama nilivyoinukuu:

"Mimi nimeletwa tu na kaka yangu. Sina tatizo kubwa."

"Hukuja kwa hiari yako, na jambo lenyewe hulioni kubwa kama anavyoliona kaka."

"Kaka anakuza mambo. Ila, kweli, mwezi uliopita niliuza simu ya mke wangu."

"Hilo limekukaa moyoni."

"Limenikaa. Alikuwa ananiamini."

Aliyeigiza mteja hakuwa ameandikiwa habari ya simu. Aliniambia baadaye kwamba ilimtoka yenyewe, na kwamba angeulizwa "je, umewahi kuiba nyumbani?" angekataa hata kwenye igizo.

Yapo mashaka, na nayaheshimu. Kaka mmoja mkubwa alisimama na kusema: "Mimi nilikemewa. Bila ya kukemewa ningekuwa kaburini." Mwezeshaji hakubishana naye. Alimuuliza ni nani aliyemkemea. Akasema ni mlezi wake wa hatua 12, mtu aliyelala naye chumba kimoja kwa miezi na kumwosha alipokuwa hawezi kuamka. Kemeo lile lilikuwa na miezi ya huruma nyuma yake. Mgeni aliyefika jana hana akiba hiyo.

Machi, Ramadhani: methadoni

Tumepunguza saa na kuhamishia vikao asubuhi. Mada ilijileta yenyewe.

Kliniki ya methadoni ya Kidongo Chekundu ipo tangu mwaka 2015, miaka minne baada ya ile ya kwanza ya nchi kufunguliwa Muhimbili. Hata hivyo kati ya kliniki na soba upo ukuta. Ndani ya soba wapo wanaosema methadoni ni unga wa serikali, kwamba anayekunywa hajaacha kitu. Kliniki nako wapo wanaoziona soba kama mahali pa kufungia watu. Mteja anapita katikati, na kila upande unamtia aibu kwa sababu ya upande wa pili.

Tulimwalika mteja wa methadoni, mtu mwenye duka lake dogo na familia, azungumze. Kisha daktari alieleza tofauti: heroini hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku, na kila ikishuka mtu hukimbizwa na arosto kwenda kutafuta. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo dozi moja inayonywewa mbele ya muuguzi humwachia mtu siku yake akafanye kazi. Hajidungi, kwa hiyo hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C inashuka. Kwa visiwa hivi jambo hilo si dogo. Maambukizi ya UKIMWI Zanzibar kwa jumla yako chini ya asilimia 1, ila kwa wanaojidunga yako juu mara kadhaa ya hapo.

Likaja swali la mwezi wenyewe. Mteja anafunga, kliniki inanywesha mchana. Afanye nini? Kuna wanaoacha dozi ili wafunge. Tulikuwa na ustadh aliyekubali kuja, na nilifurahi kwamba alisikiliza upande wa tiba kabla hajasema. Alikumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, na kwamba kuitunza nafsi ni wajibu. Upande wa tiba ulisema hivi: kwa kuwa methadoni hukaa muda mrefu, saa ya kunywa inaweza kusogezwa, lakini mpango huo hufanywa na kliniki, si na mteja peke yake. Aliyekosa dozi siku tatu au zaidi asirudi na kunywa kiwango chake cha zamani kabla hajatathminiwa upya. Wanasihi wameondoka na kazi moja: kila mmoja awaulize wateja wake wa methadoni, bila ya kuwahukumu, wanafungaje.

Jambo jengine lililowagusa wengi ni kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu katika tiba yake ya miezi sita, hulifanya ini liivunje methadoni haraka. Mteja aliyekuwa ametulia anaanza kusema dozi haifiki asubuhi, anatoka jasho, anapiga miayo, na wote wanaomzunguka wanamshuku kwamba anataka kuongezewa ili alewe. Anasema kweli. Anahitaji dozi ipandishwe wakati wa tiba ya kifua kikuu, kisha ishushwe kwa uangalifu tiba ikimalizika. Mnasihi hagusi dozi. Lakini mnasihi ndiye anayemsikia mteja mwanzo, na akijua hivi ataandika rufaa badala ya kumfukuza.

Aprili, masika: maadili

Mvua imeharibu ratiba. Barabara ya kuelekea nyumba mbili imejaa maji, na tumehamisha kikao kimoja.

Kozi ya maadili kwenye kitabu ni ya watu wanaofanya kazi katika ofisi yenye mlango. Hapa kisiwani kila mtu ni ndugu wa mtu. Kwa hiyo tuliacha mifano ya kitabu na kuchukua ya kwetu. Mama ndiye anayelipa ada ya soba, na anapiga simu kila Ijumaa: mwanangu amesema nini wiki hii? Sheha, kiongozi wa mtaa, anauliza nani yumo ndani. Mnasihi anamkuta mteja wake wa zamani harusini, mbele ya wakwe wasiojua. Mteja anataka kumkopesha mnasihi pikipiki. Picha za kabla na baada zinapakiwa mtandaoni ili nyumba ipate wafadhili, na kijana aliye pichani ana miaka 19 na atatafuta kazi na mke katika kisiwa hiki hiki.

Kuhusu mama, kulikuwa na mabishano makali, kwa sababu mama hapa si mtu wa kufungiwa mlango. Tulikubaliana hivi: siku ya kupokelewa, mteja, mzazi na mnasihi wanakaa pamoja, na mteja mwenyewe anataja yale anayoridhia mzazi aambiwe. Yanaandikwa na kutiwa saini. Mama akipiga simu, mnasihi anasema yaliyomo kwenye karatasi na kwa mengine anamwambia: "Bi mkubwa, hilo atakueleza mwenyewe akiwa tayari, na mimi nitamsaidia afike hapo." Kuhusu picha hakukuwa na njia ya kati. Sura ya mtu aliye kwenye matibabu haipakiwi.

Ipo mada nzito zaidi. Familia zinawaleta vijana wamefungwa kamba. Nyumba nyengine hutuma watu kwenda kuwachukua kwa nguvu, kwa malipo. Viwango vya kimataifa vya matibabu, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na kurekebishwa mwaka 2020, vinataka matibabu yawe kwa ridhaa. Nilisoma kifungu hicho, na baba mmoja wa soba akauliza kwa sauti ya chini: "Mama aliyeona mwanawe anauza mabati ya nyumba, nimwambie asubiri ridhaa?" Sikumjibu kwa kifungu. Tulichora pamoja njia iliyoko katikati ya kamba na kusubiri: mnasihi aende nyumbani, akae na kijana, arudi tena, aipe familia namna ya kuweka masharti bila ya kumpiga, na amwonyeshe kijana nyumba kabla hajalala humo. Njia hii ni ya polepole na haina malipo ya kuchukua mtu. Nyumba mbili zimekubali kuijaribu. Nyengine bado hazijakubali, na sitaandika hapa kwamba zimekubali.

Wanawake tulionao ni wanne. Wao ndio waliosema kile ambacho wanaume hawakukiona: mwanamke anayekula unga hapatikani maskani, yuko chumbani kwa mtu au nyumbani kwao amefichwa, na kuja soba kwake ni kutangazwa. Mmoja wao ameanza kukutana na wateja katika saluni ya rafiki yake, saa za mchana ambazo hakuna watu. Tumewaongezea siku moja juu ya ujauzito. Mjamzito anayetumia heroini asiachishwe ghafla, kwani arosto inaweza kuleta uchungu wa mapema au mimba kutoka. Aende kwenye methadoni, chini ya uangalizi wa kliniki na wa wakunga. Nimetaka kila mnasihi, mwanamume na mwanamke, aijue sentensi hiyo kwa moyo.

Mei: usimamizi

Januari niliahidi kueleza kwa nini nilisimama kidete juu ya wasimamizi kuwatembelea watu kwenye nyumba zao. Semina nyingi nilizopitia katika kazi hii zilifuata njia moja: siku tano, chakula, cheti, picha ya pamoja. Mwezi mmoja baadaye mtu yuko kwenye kiti kile kile cha plastiki akihubiri kama kawaida. Hakusahau kwa uvivu. Stadi ya kuzungumza hujengeka mtu anapofanya kazi, anaposikilizwa na mwenzake anayejua, anaporekebishwa na kurudia.

Kwa hiyo wasimamizi wetu, wanasaikolojia wawili na muuguzi mmoja wa akili, wanazunguka kwenye nyumba. Mnasihi anarekodi dakika 20 za kikao, mteja akiwa ameridhia kwa saini, wanasikiliza pamoja, kisha sauti inafutwa mbele yao wote. Wanahesabu vitu viwili tu: maswali, na kauli zilizorudishwa. Lengo ni kauli moja kwa kila swali, na anayefikia mbili kwa kila swali amebobea. Wengi walipoanza, maswali yalifuatana kama ya kituo cha polisi. Leo nimesikiliza rekodi ya yule kaka mkubwa aliyesema alikemewa. Alirudisha kauli ya mteja wake, akanyamaza, na kimya kile akakiacha kikae hadi mteja alipoanza kusema habari ya baba yake. Msimamizi alimwuliza aliwezaje kukivumilia. Akasema: "Nilihesabu tasbihi moyoni."

Usimamizi umeibua pia jambo ambalo ukumbi haungeliibua. Mnasihi mmoja alimwambia msimamizi wake kwamba ameanza kupita tena karibu na maskani yake ya zamani anaporudi nyumbani. Hakutumia kitu. Alisema tu kwamba miguu inampeleka. Kusikiliza habari za unga mchana kutwa, kulala zamu za usiku na watu wenye arosto, kwa mshahara mdogo, ni mzigo kwa mtu yeyote, na kwa aliyewahi kutumia ni mzigo maradufu. Ameondolewa zamu za usiku, mlezi wake anakutana naye kila siku, na kazi yake ipo. Tumeandika utaratibu kwa nyumba zote: mnasihi anayesema mapema kwamba anatetereka hapotezi kazi wala heshima. Nimewaomba wakuu wa nyumba wautangaze wao wenyewe, mbele ya watumishi wao, kwa sababu ukitoka kwangu ni karatasi tu.

Juni: tulipofika

Mafaili yameboreka kuliko nilivyotarajia. Kila nyumba shiriki sasa ina karatasi ya tathmini kwa kila mteja: maswali 8 ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa zote, maswali 10 ya pombe, na ukurasa mmoja wa mpango wa matibabu ambao mteja ameweka saini. Mwanzoni waliyaita haya kazi ya ofisi. Kilichowabadilisha ni rufaa: daktari anayepokea mgonjwa mwenye karatasi humsikiliza mnasihi kama mwenzake. Mnasihi mmoja alinieleza hilo kwa furaha ambayo sikuiona hata siku ya vyeti.

Yasiyokwenda vizuri ni haya. Kozi ya magonjwa yanayoambatana hatukuigusa ipasavyo, na kila msimamizi anasema ndiyo inayohitajika zaidi sasa, kwa sababu soba zinapokea vijana wenye sonona na wenye kusikia sauti ambao tatizo lao la mwanzo si unga. Naloksoni haipatikani soba. Bado ni ya hospitali, na usafiri wa usiku ni wa bahati. Tafsiri ya vitabu imekamilika nusu. Washiriki wachache wanataka kuendelea hadi mtihani wa kimataifa wa ithibati ya wanasihi wa uraibu, unaodai elimu, saa za mafunzo na muda wa kazi unaothibitishwa, na tumeanza kuwakusanyia ushahidi wa saa zao za usimamizi.

Andiko la awamu ya pili linapelekwa wiki ijayo. Siku za ukumbini nimezipunguza, na kilichookolewa chote nimekihamishia kwenye nauli na posho za wasimamizi. Wanasihi watatu kutoka kundi hili, yule kaka mkubwa akiwa mmoja wao, wataanza kujifunza usimamizi wenyewe. Pemba inaingia, na mazungumzo na nyumba za Chake Chake na Wete yameshaanza. Mfadhili ameuliza kwa barua kwa nini idadi ya watakaofunzwa imeshuka kuliko awamu ya kwanza. Nimemjibu kwa kumwambatishia kanuni ya mapokezi ya pombe, utaratibu wa kuaga, na barua ya daktari wa kituo cha afya anayeeleza jinsi rufaa za soba zilivyobadilika tangu Februari.